MTEJA ASEMEWE, ASINYAMAZISHWE
Ufundi wa uwakilishi mbele ya msuluhishi, na faida yake kwa askari wa Kasese na Bwera

Na Mwandishi Wetu

Askari yeyote aliyepata kushika zamu katika kituo cha polisi wilayani Kasese anaujua mwanzo wa kisa hiki. Watu wawili huingia mlangoni kwa pamoja, kila mmoja akitaka asikilizwe kwanza. Mmoja hudai deni, mwingine hudai kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa. Mmoja ana shahidi, mwingine ana karatasi iliyolowa mvua. Nyuma yao husimama jamaa, na nyuma ya jamaa husimama majirani waliokuja kutazama tu. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake; na askari aliye mezani, ambaye hakuwapo jambo lilipotukia, hutakiwa aseme nani mkweli kabla wino haujakauka katika kitabu cha matukio.

Huko Bwera mambo huzidi kidogo. Mji huo uko karibu na mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo yake ni Kasindi katika Kongo. Watu wa pande hizo mbili ni ndugu kwa lugha: asemaye Lhukonzo huku husikilizana na asemaye Kinande kule, na wageni wote hukutana nao katika Kiswahili. Kahawa ya milimani, samaki wa maziwa na chumvi ya Katwe hupita mikononi mwao. Penye biashara nyingi hapakosi madeni. Na mahali ambapo mkulima, mfugaji na hifadhi ya wanyama hupakana, hapakosi ugomvi wa mipaka.

Katika makala haya twataka kueleza ufundi mmoja wanaofundishwa wanafunzi wa sheria, nao ni ufundi wa kumwakilisha mteja mbele ya msuluhishi. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aghalabu askari ndiye mtumishi wa serikali wa kwanza kukutana na ugomvi ungali mbichi. Pili, askari mwenyewe, akiwa mbali na kwao kwa kazi ya taifa, siku moja huenda akawa mteja, na itampasa ajue wakili mwema hufanya nini.

SI MAHAKAMA

Wengi huchanganya usuluhishi na hukumu. Mahakamani yuko hakimu mwenye mamlaka, naye husikiliza pande mbili kisha hukata shauri, apende asipende aliyeshindwa. Mbele ya msuluhishi hakuna wa kukata shauri. Msuluhishi hana amri ya kumlazimisha mtu kulipa wala kusamehe. Kazi yake ni kuwaongoza wagombanao wasemezane hata waione njia wanayoweza kuipita wote wawili. Wakikubaliana, mapatano ni yao. Wasipokubaliana, huinuka wakaenda mahakamani, na yaliyosemwa faraghani hayatumiki dhidi ya yeyote kati yao.

Kwa hiyo wakili aendaye mbele ya msuluhishi huacha nje ya mlango baadhi ya silaha alizozizoea. Mahakamani humshawishi hakimu, na kwa mpinzani wake hana haja ya kumshawishi lolote. Katika usuluhishi mtu wa kushawishiwa ni yuleyule mpinzani, kwa maana bila ridhaa yake hapana mapatano. Ukimtukana, ukamwaibisha mbele ya watu, ukamwonyesha kuwa mwongo, umejifungia mlango uliotaka kuupita.

Si rahisi kumfundisha kijana jambo hili baada ya kumfundisha miaka mitatu au minne namna ya kubishana. Ndiyo maana vyuo vimeanzisha mashindano.

MASHINDANO YA KUPATANA

Mashindano ya wanafunzi wa sheria kujifanya mahakamani ni ya zamani. Mmoja huwa wakili wa mdai, mwingine wa mdaiwa, na walimu huwa majaji. Lakini mashindano ya kumsikiliza mteja na kumwakilisha katika mapatano ni ya juzi juzi. Nchini Marekani, Louis M. Brown, mwalimu wa sheria wa huko California, aliona kuwa wanafunzi wanajua kumsemea mteja mbele ya jaji lakini hawajui kumsikiliza ofisini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianzisha mashindano ya ofisi ya wakili ya mazoezi: mtu aliyefundishwa kisa huingia kama mteja, na wanafunzi wawili humhoji mpaka watambue shida yake hasa. Baadaye mashindano hayo yakawa ya kimataifa, na hata sasa yanaitwa kwa jina lake.

Mwaka 2006 Chemba ya Kimataifa ya Biashara, yenye makao yake Paris, ilianzisha mashindano ya usuluhishi wa biashara kwa vyuo vikuu vya dunia. Utaratibu wake ni huu. Kila chuo huleta kikosi kidogo. Katika kila pambano huketi wanafunzi wawili wa upande mmoja: mmoja ni mteja, yaani mwenye mali au mkuu wa kampuni, na mwingine ni wakili wake. Mbele yao huketi wawili wa chuo kingine. Kati yao hukaa msuluhishi wa kweli, mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Pande zote mbili zimesoma kisa kimoja. Lakini kila upande umepewa pia maelekezo ya siri, ambayo upande wa pili hauyajui. Muda ni chini ya saa moja na nusu. Waamuzi huketi pembeni, huandika, hawasemi neno.

Jambo linalomshangaza mgeni ni hili: waamuzi hao hawampi alama aliyemshinda mwenzake kwa maneno. Humpa alama aliyeilinda haja ya mteja wake kwa kushirikiana na upande wa pili. Kikosi kinaweza kuondoka bila mapatano na bado kikapata alama nyingi, ikiwa kilifanya kazi vizuri. Na kinaweza kufikia mapatano upesi kikapata chache, ikiwa mteja aliuzwa kwa bei rahisi ili kikao kiishe.

MZIGO WA KAHAWA

Paris ni mbali. Basi tuuweke ufundi huu katika mazingira yetu. Tumetunga kisa cha mazoezi, cha aina ile wapewayo wanafunzi, wala watu wake si watu wa kweli.

Mwenye Kahawa ni mama wa milimani juu ya Bwera. Alikodi lori la Mwenye Lori wa Kasese lichukue magunia 60 ya kahawa hadi kwa mnunuzi mjini. Nauli ilikuwa shilingi 900,000, ilipwe mzigo ukifika. Usiku lori likaharibika karibu na njia panda ya Kikorongo, mvua ikanyesha hadi alfajiri, na mnunuzi akayakataa magunia 18 kwa kuwa yamelowa. Mwenye Kahawa adai shilingi 9,000,000, yaani shilingi 500,000 kwa kila gunia lililokataliwa, wala hataki kulipa nauli. Mwenye Lori asema mvua ni kazi ya Mungu, na adai nauli yake yote. Mama alikwenda kituoni, na askari mmoja, kwa huruma, akaamuru lori lisiondoke mpaka deni lilipwe. Limekaa hapo siku tisa.

Hayo ndiyo yajulikanayo na wote. Sasa maelekezo ya siri.

Mwanafunzi anayekuwa Mwenye Kahawa ameandikiwa hivi: unahitaji shilingi 2,400,000 za karo ndani ya siku kumi, la sivyo binti yako hatafanya mtihani. Unajua moyoni kuwa magunia sita kati ya yale 18 yalipakiwa kabla ya kukauka vizuri, kwa kuwa ulikuwa na haraka. Tena hakuna dereva mwingine anayekubali kupanda njia ya kijiji chako wakati wa mvua.

Mwanafunzi anayekuwa Mwenye Lori ameandikiwa hivi: lori ulilinunua kwa mkopo, na kila siku linaposimama unazidi kuzama. Ulijua kuwa turubai limechanika, ukaondoka nalo hivyo hivyo. Na kwa mwaka mzima umekuwa ukitafuta mteja wa kudumu upande wa Bwera, hujampata.

Tutazame kwanza namna kikao kinavyoharibika. Wakili wa mama hufungua kwa sauti kubwa. Hutaja sheria ya mikataba, hutaja uzembe, hutaja gharama za kesi. Wakili wa pili hujibu: leta ushahidi. Wa kwanza husema ushahidi upo. Wa pili husema haupo. Nusu saa hupita. Mama amekaa kimya kama mgeni katika kesi yake mwenyewe. Kila mara msuluhishi anapomwuliza swali, wakili wake humjibia. Mwenye Lori naye amefunga mikono kifuani. Mwishoni kila upande hutaja kiasi cha fedha, cha juu na cha chini, wanavutana kama wauzao mbuzi, na muda unakwisha. Mawakili wote wawili wamesema kwa ufasaha. Lori lingali kituoni, na karo haijalipwa.

Sasa tutazame kikao kinachokwenda vema. Wakili wa mama hufungua kwa maneno machache: "Tumekuja kwa kuwa watu hawa wawili walifanya biashara na bado wanahitajiana. Mteja wangu amepata hasara, naye ataieleza mwenyewe. Baada ya hapo tungependa kumsikia mwenye lori, maana nasi hatujui usiku ule yeye alipata taabu gani." Kisha hunyamaza. Mama husema kwa lugha yake, kwa mwendo wake. Husema ni miezi mingapi ya kupalilia na kuchuma iliyomo katika magunia yale. Hasemi "uzembe", husema, "Nilikuamini, na hukunipigia simu mpaka asubuhi." Neno hilo Mwenye Lori hulisikia kuliko lilivyosikika lile la wakili.

Msuluhishi huomba kukutana na kila upande faraghani. Hapo ndipo ufundi wa uwakilishi unapopimwa hasa. Mama humwambia wakili wake habari ya magunia sita. Wakili hana ruhusa ya kusema uongo mbele ya msuluhishi. Lakini pia hana ruhusa ya kuitoa siri ya mteja bila idhini yake. Basi humweleza mama njia zake: "Twaweza kulinyamazia jambo hili, ila nikiulizwa sitadanganya. Au twaweza kulisema wenyewe, likawa ndilo neno la kumfungua mwenzetu naye aseme lake. Uamuzi ni wako." Wakili amemwekea mama njia mbele yake. Hakumchagulia.

Mama huchagua kusema. Warudipo, hukiri kuwa magunia sita ni kosa lake. Mwenye Lori hutazama chini, humtazama wakili wake, kisha hukiri habari ya turubai. Tangu hapo hawazungumzi tena juu ya nani mkosaji. Wanazungumza namna ya kuendelea.

Hesabu yao huwa hivi. Magunia 12 ni juu ya Mwenye Lori, shilingi 6,000,000. Hutolewa nauli ya shilingi 900,000, zikabaki shilingi 5,100,000. Shilingi 2,400,000 atazilipa ndani ya siku saba, zitoshe karo. Shilingi 2,700,000 zilizosalia ni sawa na safari tatu za lori. Basi msimu ujao atachukua mizigo mitatu ya mama bila nauli. Atanunua turubai jipya. Kabla ya kuondoka, wote wawili wataukagua mzigo pamoja. Na lori litatoka kituoni leo, kwa kuwa lisipotembea hakuna fedha ya kumlipa mtu.

Hakuna hakimu ambaye angeweza kutoa hukumu ya namna hiyo. Hakimu huhukumu juu ya yaliyopita: nani alipe, kiasi gani. Hawezi kumwamuru mtu awe mteja wa mwenzake msimu ujao. Mapatano haya yametoka katika haja za watu wenyewe, nazo zilikuwa zimefichwa chini ya madai yao. Dai la mama lilikuwa shilingi 9,000,000. Haja yake ilikuwa binti kuketi katika mtihani, na lori la kupanda mlima. Mwakilishi aliyeishughulikia haja alimpa mteja wake zaidi ya yule aliyelipigania dai.

SHERIA YA UGANDA YASEMAJE

Huenda msomaji akadhani kuwa haya ni mambo ya ugenini. Sivyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 126, huziagiza mahakama zikuze upatanisho kati ya wenye mashauri. Kanuni za usuluhishi za mwaka 2013 zikaweka utaratibu wa mashauri ya madai kupelekwa kwa msuluhishi kabla ya kusikilizwa; na mapatano yaliyotiwa sahihi na kufikishwa mahakamani hupata nguvu ya hukumu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inatambua usuluhishi wa kimila katika ugomvi wa ardhi. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inaipa mahakama ya kijiji uwezo wa kuamuru fidia, upatanisho, na hata kuomba radhi.

Wanafunzi nao wana mahali pa kujifunzia. Kituo cha Maendeleo ya Sheria cha Kampala, kilichoundwa mwaka 1970, ndiko wanakopitia wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili. Kliniki yake ya msaada wa kisheria huwahudumia watu wasio na uwezo, na kanuni za mwaka 2004 ziliwafungulia wanafunzi wa kituo hicho njia ya kufika mahakamani wakiwa chini ya uangalizi. Wazee wa milima ya Rwenzori, kwa upande wao, hawakungoja kanuni hizo ndipo waketi na kupatanisha. Kilichoongezwa na sheria ni kumbukumbu ya maandishi, na haki ya kila upande kuwa na mtu wa kumsemea.

ASKARI ASIMAME WAPI

Sasa turudi kituoni. Katika kisa chetu yuko askari aliyezuia lori kwa huruma. Nia yake ilikuwa njema, lakini tuipime kazi yake. Alilitumia lori kama rehani ya deni ambalo hakuna mahakama iliyolithibitisha. Kwa siku tisa alimzuia mdaiwa kupata fedha za kulipia. Na tangu siku ile Mwenye Lori hakumwona tena kama mlinzi wa raia wote, bali kama wakili wa mama aliyevaa sare. Deni la biashara ni shauri la madai. Askari aelekeze watu kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mahakama au kwa msuluhishi; alinde amani wasipigane; asiwe mkusanyaji wa madeni.

Yako pia mambo ambayo usuluhishi hauyagusi kabisa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu humruhusu hakimu kuwapatanisha watu katika makosa madogo ya binafsi, kama vile ugomvi wa ngumi usio na madhara makubwa. Hairuhusu kupatanisha jinai kubwa. Mtoto aliyenajisiwa hana mapatano ya mbuzi wawili kati ya baba yake na mkosaji. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna mapatano. Mauaji hayana mapatano. Katika mambo hayo, askari anayewaambia watu "nendeni mkayamalize nyumbani" amevunja wajibu wake, hata kama pande zote mbili zamshukuru. Mtoto yule hakuwa na mtu wa kumsemea pale nyumbani. Wa kumsemea alikuwa ni sheria, na sheria ilikuwa mikononi mwa askari.

Tena kuna jambo la woga. Mtu hukubali chochote mbele ya bunduki. Akisha kwenda zake huyakana aliyoyakubali, na chuki huwa imezidi. Kwa hiyo askari akiombwa na wazee ahudhurie kikao cha mapatano kwa ajili ya usalama, akae mbali kidogo, asichangie hukumu, wala asimkaripie asitaye kutia sahihi. Na akiombwa awe mkalimani, kwa kuwa yeye anajua Kiswahili na hawa hawasikilizani, achukue maneno mazima kutoka kinywa kimoja hadi sikio la pili, bila kuyapunguza makali wala kuyaongeza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, na kwa askari ni lugha ya kazi kwa miaka mingi zaidi ya hapo. Huko Bwera, ambako mgeni wa Kasindi na mwenyeji wa Kisinga hukutana, lugha hiyo ni chombo cha amani ikitumiwa kwa uaminifu.

SOMO LA KASESE YENYEWE

Msomaji aweza kuuliza: je, ufundi wa wanafunzi juu ya magunia ya kahawa wafaa nini katika mambo mazito? Historia ya Kasese yenyewe inajibu.

Mapema mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba katika baraza la ufalme wa Toro, miongoni mwao Isaya Mukirane, walitaka watu wao watambuliwe kuwa sawa na wenzao. Hawakukubaliwa, wakatoka barazani. Viongozi wao wakakamatwa. Tarehe 30 Juni mwaka huo ulitangazwa utawala wa Rwenzururu, na milimani kukawa na vita vilivyopungua na kuzidi kwa miaka 20. Tume iliundwa, ripoti ikaandikwa, serikali zikabadilika. Mwaka 1974 Toro iligawanywa, na wilaya ya Rwenzori, ambayo baadaye iliitwa Kasese, ikapatikana. Hata hivyo wapiganaji waliendelea kukaa porini.

Mwezi Agosti 1982 wakashuka. Ndugu Amon Bazira, mwenyeji wa huko aliyekuwa katika serikali ya Rais Milton Obote, ndiye aliyekwenda na kurudi kati ya serikali na Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane. Serikali ilipata silaha na utulivu. Watu wa Rwenzururu walipata nafasi katika utawala wa mahali pao pamoja na manufaa ya uchumi. Hakuna upande uliopata dai lake lote. Lakini kila upande ulipata kitu ambacho ulikuwa ukikihitaji, na bunduki zikashushwa bila mtu kuvunjiwa heshima.

Swali la heshima lilibaki, nalo likajibiwa baadaye: tarehe 19 Oktoba 2009 Mumbere alitawazwa Omusinga kwa kutambuliwa na serikali. Kisha mambo yakaharibika tena. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, katika mapigano ya Kasese, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, miongoni mwao askari polisi. Omusinga akakamatwa na kushtakiwa. Mwezi Juni 2023 mashtaka dhidi yake yakaondolewa, na Oktoba mwaka huo akarejea Kasese.

Hatuandiki haya ili kufungua vidonda, wala kumhukumu mtu. Twaandika kwa kuwa wasomaji wetu wengine walizika wenzao katika siku zile, na wengine walizika jamaa zao. Wote hao wajua gharama ya jambo ambalo halikusemwa mezani kwa wakati wake. Mwaka 1962 neno la kutoka barazani lilikuwa fupi. Kulijibu kulichukua miaka 20.

ASKARI AKIWA MTEJA

Mwisho twasema na askari mwenyewe. Uko kambini mpakani. Kijijini kwenu ndugu ameuza kipande cha shamba la marehemu baba, au jirani amesogeza mpaka. Huwezi kuondoka. Utamtuma mtu akusemee: wakili, mjomba au mke wako. Fanya mambo manne.

Mweleze ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Mwakilishi asiyejua magunia sita yaliyopakiwa mabichi atakwama siku yatakapotajwa na mwingine.

Mwambie haja yako, usimwambie dai tu. Je, wataka eka zako mbili zirudi, au wataka mahali pa kujenga ukistaafu? Hayo si mamoja, na huenda la pili likapatikana kwa siku moja na la kwanza lisipatikane kwa miaka kumi.

Mpe mpaka wa mamlaka yake kwa maandishi: hapa unaweza kukubali, hapa niulize kwanza. Mtu asiye na mamlaka ya kukubali hupoteza siku ya kila mtu.

Na usimtume aende na vitisho vya cheo chako. Jirani aliyetia sahihi kwa kuogopa sare atangoja siku utakapoivua.

Wazee walisema: wagombanao ndio wapatanao. Mpita njia hawezi kupatana kwa niaba yao, wala wakili mwenye ulimi mwepesi, wala askari mwenye zamu. Hao wote ni wasaidizi. Kazi yao ni kuhakikisha kuwa mwenye shida anasikika kwa sauti yake mwenyewe, na kwamba akiondoka ameyashika mkononi mapatano aliyoyachagua. Basi kesho, watu wawili waingiapo kituoni wakisema kwa pamoja, mwenye zamu aanze kwa swali hili, kwa kila mmoja kwa zamu yake: ndugu, unahitaji nini? Kisha amngoje mpaka amalize kujibu.